Umetumikia nyumba ya watu miaka mingi na leo unajuta, anzia hapa

Naandika hii kwa dada wa kazi aliyekaa nyumba moja miaka kumi, kumi na tano, ishirini, na siku hizi akilala usiku anajiuliza hivi maisha yangu nimeyapeleka wapi. Na kwa yule aliyetoka juzi na begi lake, ambaye mpaka leo anashtuka saa kumi na nusu alfajiri kwenda kuchemsha chai ya watu ambao hayuko nao tena. Mimi niliingia nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam, mwaka 1995, nimetoka Mufindi nina miaka 18, nikatoka 2022 nyumba ilipouzwa. Miaka 27. Siku ya mwisho nilipewa doti mbili za kitenge, laki mbili taslimu na begi la magurudumu ambalo mtoto wao mkubwa alikuwa halitaki tena.

Ila sio hiyo laki mbili iliyonifanya niandike. Nina deni. Kwenye ule mtaa mimi ndo nilikuwa dada mkubwa, wasichana wapya wakiletwa nyumba za jirani walikuwa wananifata jioni tukikutana kutoa taka, wananieleza yao. Mmoja akasema dada sijalipwa miezi mitatu, nikamwambia vumilia, mwajiri ndo mzazi wako hapa mjini. Mwingine alikuwa anataka jumapili apumzike aende kanisani, nikamwambia mbona una haraka mdogo wangu, mimi nina miaka kumi hapa sijawahi kudai jumapili na nimepungukiwa nini. Nilikuwa nasema kwa kujivuna kabisa, naona mimi ndo mwenye adabu na wao wamekuja mjini kutafuta makubwa. Ninaowakumbuka ni sita. Kwa hiyo haya ya leo ndo niliyotakiwa kuwaambia wale sita, nimechelewa lakini wapo wengine.

Anza na kutenganisha upendo na malipo

Kabla hujaenda kudai kitu kwa mtu yeyote kaa chini peke yako utenganishe hayo mawili, maana kwenye nyumba hizi yanachanganywa mpaka wewe mwenyewe hujui lipi ni lipi. Mimi wale watoto niliwapenda, kitinda mimba alizaliwa nikiwepo, alivyougua malaria akiwa na miaka miwili mimi ndo nilikaa naye wodini siku nne, mama yake alikuwa safarini, na sikuwa nafikiria hela hata kidogo. Ule upendo ulikuwa wa kweli. Atatokea mtu akwambie ulikuwa unatumika tu, ulikuwa punda, usimkubalie, kwa sababu ukikubali kwamba yote yalikuwa uongo unabaki huna hata miaka yako. Kosa langu mimi lilikuwa moja, nilifanya upendo ndo mshahara. Nikiambiwa "wewe sio mfanyakazi, wewe ni wa nyumbani" nilikuwa nashiba.

Sasa chukua daftari, gawa ukurasa katikati. Upande wa kushoto andika uliyoyafanya kwa moyo wako, hayo usimtoze mtu. Kulia andika kazi, kupika, kufua, kuosha gari, kulala sebuleni ukisubiri mtu afungue geti saa saba usiku, kubeba maji miaka ile yalikuwa hayatoki. Usiharakishe. Mimi ilinichukua kama wiki mbili, na upande wa kulia ulijaa ukurasa wa kwanza nikiwa bado nipo mwaka 1997.

Alafu hilo neno "wa nyumbani" lipime kwa mambo yanayoonekana. Ukiumwa anakaa na wewe nani? Wakienda shughuli unaenda kama mgeni au kama mpishi? Mzee mwenye nyumba alipofariki 2017, baada ya arobaini walikaa kikao cha familia sebuleni, mimi ndo nimepeleka chai, nikasimama pale mlangoni na sinia, wakaongea nyumba, wakaongea kiwanja, wakaongea gari na mbwa pia, mbwa ataenda kwa nani. Jina langu halikutajwa na mimi sikuona ajabu yoyote, nilikuwa nafurahi tu kwamba chai haikupoa. Nimekuja kuikumbuka hiyo siku miaka mitano baadae nikiwa nimepanga chumba Tandale, nikalia mpaka jirani akagonga mlango.

Na andika pia pale ulipochagua mwenyewe. Hili linauma zaidi ila bila hili majuto hayaishi, yanageuka chuki tu. Mwaka 2003 nilipata nafasi ya kujifunza cherehani, kozi ya miezi sita, ada nilikuwa nayo. Mama wa ile nyumba akasema sawa nenda, ila nani atanisaidia na hawa watoto. Hakunikataza. Mimi ndo nikarudisha fomu, na nikajisikia vizuri kwamba nahitajika. Hapo sina wa kumlaumu na nimeliandika hivyohivyo.

Hela ya "nakuwekea"

Hapa naomba usome taratibu, hasa kama bado upo kazini, kwa sababu hapa ndo wengi tumeishia. Mimi mshahara wangu wa mwisho ulikuwa 80,000 kwa mwezi, mkononi napewa 30,000 na 50,000 mama anasema nakuwekea, ukiwa na jambo utaniambia, na tutakutafutia kiwanja Chanika. Sikuona ubaya, mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kukaa na hela chumbani. 50,000 kwa mwezi ni laki sita kwa mwaka, kwa ile miaka sita ya mwisho peke yake inafika milioni tatu na laki sita, hapo sijagusa ya nyuma ambayo ilikuwa kidogo kidogo. Hakuna daftari, hakuna mesej, hakuna shahidi. Nilipouliza siku ya kuondoka mama alisema mbona uliumwa tukakutibu, mbona mama yako alipofariki tulitoa mchango, na nadhani yeye kabisa anaamini ile hela iliisha kwenye hayo.

Kwa hiyo leo hii, kama kuna mtu anakuwekea hela, mwambie kwa heshima kwamba kuanzia mwezi huu unaomba yote iingie kwenye simu yako. M-Pesa imeanza nchini 2008, mimi nilikuwa na laini na sikuitumia kupokea mshahara hata siku moja. Uzuri wa hela kupita kwenye simu sio usalama tu, inaacha kumbukumbu ya tarehe na kiasi, na hiyo kumbukumbu kesho ndo itakusemea. Ukiipata ndo ujue utaitunza wapi, kikoba cha watu unaowajua, benki, popote, ila jina lako ndo liwe pale. Kama hauna kitambulisho cha NIDA hilo lifate kabla ya yote, wapo dada zetu wana miaka 40 mjini na hawana karatasi hata moja inayosema wapo.

Na kwa zile za nyuma ambazo hazina maandishi, usinyamaze kwa sababu hazina maandishi. Andika unavyokumbuka, mwezi na kiasi, mwambie mhusika mbele ya mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote wawili, muulize mama nilikuwa nakumbuka hivi, wewe unakumbukaje. Akikubali hata nusu, muandikiane siku hiyohiyo.

Piga hesabu ya haki yako ukiwa bado una nguvu

Mimi nilikuwa naamini kuna kitu kinaitwa kiinua mgongo na kwamba miaka 27 itakuja kunilipa siku moja. Dada aliyenisaidia kwenye kituo cha msaada wa kisheria alinipigia hesabu kwenye karatasi nikabaki namwangalia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilisha, lakini mwisho miaka kumi. Kumi tu. Yaani ukikaa kumi na ukikaa 27 ni sawasawa. Mshahara wa 80,000 ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata kama 3,077 kwa siku, zidisha siku 70, jumla ni kama laki mbili na elfu kumi na tano. Ndo hiyo. Ile laki mbili niliyoiona matusi haikuwa mbali na kinachosemwa na sheria kwa kipengele hicho.

Nakwambia hivi ili uelewe kitu kimoja, hakuna malipo ya mwisho yatakayokuja kurudisha miaka. Hela yako ipo kwenye kila mwezi, kila mwaka, ukiiacha ipite imepita. Angalia likizo, sheria inakupa siku 28 kila mwaka kwa malipo, mimi nilikuwa naenda Mufindi wiki moja krismasi tena sio kila mwaka. Mapumziko ni masaa 24 mfululizo kila wiki. Masaa ya kazi ya kawaida ni 45 kwa wiki, yanayozidi yanalipwa mara moja na nusu, mimi nilikuwa nayamaliza kabla ya alhamisi. Kuumwa kuna likizo yake na unalipwa, kujifungua ni siku 84. Kima cha chini kwa dada anayelala kwa bosi wa kawaida kilikuwa 40,000 kwenye amri ya 2013, ikaja 60,000 kuanzia Januari 2023, na amri hizi zinabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa kwa hiyo pita ofisi ya kazi uulize ya sasa ni ngapi, kuuliza ni bure.

Kilichoniuma kuliko vyote ni NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni. Pensheni ya uzee inataka uwe umechangiwa miezi 180, na umri wa kustaafu kwa hiari ni 55, kwa lazima 60. Mimi nilifanya kazi miezi 324. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri anatoa kumi na wewe kumi, kwa mshahara wangu ni 16,000 kwa mwezi. Elfu kumi na sita jamani. Ingeanza kuchangwa nikiwa na miaka 30 leo nina 48 na miezi 180 ningekuwa nimeshaimaliza. Kama wewe una miaka 25 au 35 au hata 40, hili ndo la kuongea na bosi wako kabla hata ya kuomba kuongezewa mshahara, na akikataa wapo wanaojiandikisha wenyewe kama watu waliojiajiri, nenda ofisi yao wakueleze.

Namna ya kuongea na bosi

Tatizo letu kubwa sio kutojua, ni mdomo. Tumelelewa kwamba mkubwa hadaiwi, anakumbushwa, na hata kukumbusha unazungukazunguka mpaka unasahau ulichokuja kusema. Mimi sisemi uvunje adabu, shikamoo yako itoe kama kawaida. Chagua siku ambayo hajachoka, sio akitoka kazini na foleni ya Mwenge imemmaliza, jumamosi asubuhi baada ya chai ni nzuri. Mwombe mkae, usiongee umesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, kwa sababu ukisimama unaongea kama anayesubiri kutumwa. Alafu sema moja kwa moja, kitu kama "mama nashukuru kwa yote mliyonitendea, leo nina ombi kuhusu kazi yangu, naomba tuandikishane mkataba, mshahara wangu uwe unaingia kwenye simu, na niandikishwe NSSF." Basi. Usiongeze habari ya mdogo wako anayesoma wala paa la nyumba ya mama kijijini, ukiongeza hayo inageuka kuwa msaada, atakupa elfu ishirini ya paa na jambo lako litakuwa limeishia hapo. Mimi nilipewa elfu ishirini za hivyo mara nyingi sana.

Atakachokujibu unakijua. Atasema siku hizi umebadilika, umefundishwa na nani, shukrani ya punda ni mateke. Mama yetu hiyo ya punda alikuwa anaisema kila dada wa jirani akiondoka, na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa. Ukiambiwa hivyo usilie na usijibu, sema nimekuelewa mama, naomba unijibu wiki ijayo, alafu nyanyuka ukaendelee na kazi yako vizuri kama siku zote. Wapo mabosi waungwana kabisa ambao walikuwa hawajui tu, na wapo watakaokufukuza, hilo siwezi kukuficha. Ndo maana kabla ya kuongea hakikisha una nauli, una mahali pa kulala siku mbili tatu, na namba ya mtu atakayepokea simu.

Kama umeshatoka au umetolewa

Hapa siku ndo kila kitu. Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa una siku 30 tu kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wenyewe wanaita CMA. Kwa madai mengine kama mshahara ambao haukulipwa ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Mimi nilikaa miezi minne nikisema ngoja kwanza mama akae sawa na msiba wa dada yake, nikaja kujaza fomu namba moja, ya kupeleka mgogoro, pamoja na ya kuomba nipokelewe ingawa nimechelewa, na sababu yangu kwamba nilikuwa sijui sheria haikusaidia. Kutojua sio sababu, wanakwambia hivyo usoni. Usimwonee mtu huruma ya siku 30, nenda, mambo ya msiba yatakukuta ukiwa umeshafungua shauri.

Huduma pale hailipiwi. Fomu unajaza, nakala unampelekea mwajiri, anasaini kwamba amepokea, alafu ndo unairudisha Tume. Wanaanza na usuluhishi, mnakaa na msuluhishi mkijaribu kuelewana, wengi wanaishia hapo, mkishindwana inaenda kwenye uamuzi. Unaruhusiwa kwenda na mtu wa chama chako cha wafanyakazi au mwakilishi, na kwa kazi za majumbani chama kipo, CHODAWU, wanatupokea sisi pamoja na wa mahotelini. Kama hauna hela ya wakili nenda kwenye vituo vya msaada wa kisheria, TAWLA, WLAC, LHRC wote wapo hapa Dar.

Utaogopa kwamba hauna mkataba wa maandishi. Usiogope sana, sheria inamtaka mwajiri ndo awe na maandishi, na asipoyaleta kwenye shauri basi yeye ndo anabebeshwa mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Wewe kusanya ulichonacho. Mesej za "dada toa nyama kwenye friji". Kadi ya kuchukulia mtoto shuleni yenye jina lako. Picha za birthday za miaka yote uko nyuma umeshika keki. Mjumbe wa shina anakujua, mwenye duka la mangi anakujua, mlinzi wa jirani anakujua. Na kwenye madai usisahau notisi, anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, likizo ambazo haukupewa, nauli ya kukurudisha ulikotolewa na mizigo yako, na cheti cha utumishi, hicho cheti watu wanakidharau lakini ndo kitakachosema umefanya kazi.

Mimi sheria ilinipita ila nilifanya kitu kimoja nikasaidika, nacho ni kuandika barua. Sio ya wakili, ya kwangu, kurasa mbili, nikamwandikia mtoto mkubwa wa ile nyumba ambaye sasa ni mtu mzima na kazi yake, nikaweka ile hesabu ya 50,000 mwezi kwa mwezi kwa miaka sita, bila maneno makali. Alikaa kimya wiki tatu. Alafu akanipigia, akaniita jina langu, ambalo sijawahi kumsikia analitamka tangu azaliwe, kwenye ile nyumba nilikuwa "dada" tu hata kwa wageni. Akasema hesabu ameiona na hawezi kuimaliza yote ila atalipa kwa mafungu. Amelipa mafungu matano mpaka sasa. Hajanitumia maneno mengi na mimi sijamwomba.

Mtoto wako mwenyewe

Hili ndo gumu na hakuna ofisi ya kwenda. Mimi nina binti, nilimpata 1999, nikaenda kujifungulia nyumbani, alipofika miezi mitano nikamwacha kwa bibi yake nikarudi Mikocheni kulea wa watu. Yule kitinda mimba wa bosi alikuwa na mwaka mmoja, nilikuwa nambeba mgongoni na maziwa yanatoka. Binti yangu amekua akimwita bibi yake mama na mimi ananiita dada, na kila nguo niliyompelekea ilikuwa imevaliwa kwanza na mtoto wa bosi.

Nilipotoka kazini nilienda Mufindi nikiwa na mawazo kwamba nitakaa naye nimweleze yote nilie na yeye alie tuwe mama na mwana. Haikuwa hivyo na naomba wewe usiende hivyo. Nilimweleza jinsi nilivyoteseka kwa ajili yake, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema pole dada, akaenda kuteka maji. Nimekuja kuelewa baadae kwamba nilikuwa namwomba yeye ndo anibembeleze mimi. Na pia haikuwa kweli yote, sikukaa miaka 27 kwa ajili yake tu, nilikaa kwa sababu nilipapenda pale na nilipenda kusifiwa.

Kinachofaa ni kidogo kidogo. Mpigie simu siku inayojulikana, mimi ni jumatano usiku, hata kama hamna cha kuongea, muulize amekula nini, usitoe ushauri. Mwambie ukweli akiuliza, kwa kiasi alichouliza. Usimtumie hela kila ukipiga, asije akaona na wewe unamlipa ili akupende. Ana mtoto wake sasa, wa kiume, na mwaka jana alinileta huyo mjukuu Dar akaniachia wiki mbili akiwa na shughuli zake, alivyokuwa anamkabidhi Mbezi stendi alimwambia mtoto, haya kaa na bibi. Mimi nilibeba begi nikatangulia mbele ili wasinione.

Kujifunza kukaa

Utashangaa lakini kupumzika kunafundishwa. Mwezi wa kwanza nimepanga nilikuwa nafagia uwanja wa watu wote, naosha vyombo vya jirani, nikikaa naona kama kuna mtu ananiita. Sasa hivi nafanya kazi ya kutwa, nyumba mbili Sinza kwa zamu, naingia saa mbili natoka saa kumi na moja, nimeandikishana nao karatasi. Mwanzoni ikifika saa kumi na moja nilikuwa naogopa kuaga. Nikajiwekea kengele kwenye simu, ikilia navua kanga ya kazi, hata kama sufuria moja imebaki. Fanya hivyo, chagua kitu kimoja chako kwa siku, mimi saa kumi na mbili jioni nakunywa chai yangu nimekaa kwenye kiti, kikombe cha udongo nilichonunua mwenyewe, na simpelekei mtu.

Wale sita

Kama na wewe umewahi kumwambia msichana mdogo vumilia, mtafute. Mimi nimepata wawili. Wa kwanza ana banda la chapati na supu pale Makumbusho, nilimkuta ana wateja nikasubiri, nikamwambia mdogo wangu mwaka ule nilikwambia usubiri mshahara wako na usidai, nilikukosea. Akafikiria kidogo, akasema dada mimi wiki ileile niliondoka, sikukusikiliza. Nilishukuru sana, nilimshika mkono na unga wake.

Wa pili alinisikiliza. Yule wa jumapili. Nilimkuta kwa bosi yuleyule, wamehamia Kawe, ana miaka 36, na yeye pia hela yake anawekewa. Hakukasirika, alinikaribisha jikoni, akanitengea chai, na nilipoanza kuomba msamaha alinikatiza akasema hawa ni watu wazuri dada, mimi hapa ni wa nyumbani. Nikashindwa niseme nini kwa sababu ile sauti ilikuwa yangu. Sikumbishia. Niliacha daftari la kurasa 96 na kalamu juu ya kabati la vyombo, nikamwambia andika tu mwezi, ulichopewa na ulichoambiwa kinawekwa, usimwonyeshe mtu kama hutaki.

Wiki iliyopita kanitumia picha kwa simu. Ni ukurasa wa kwanza, miezi mitatu, kwa mkono wake, na chini amejumlisha na kupiga mistari miwili.